Mama Alipita Bila Kupingwa

Mama yangu alikuwa kaunsela wa kata yetu kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu hata mmoja aliyempigia kura. Si kwamba alichukiwa. Aliheshimiwa. Nimekuja kuamini kwamba watu wetu wakikukumbatia kwa heshima, ukae chonjo, mbavu zinaweza kuvunjika.

Nijitambulishe kidogo, maana katika habari hii mimi ndiye miguu, tena miguu mibovu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilipomaliza kidato cha nne binamu yangu alinichukua nikakae naye Migosi, nitafute kazi mjini Kisumu. Nilikaa hadi unga niliobeba kutoka nyumbani ukaisha, nikarudi. Nikamwambia Mama kwamba Kisumu hakuna kazi.

"Uliitafuta wapi?" akaniuliza. "Kwa dirisha?"

Tangu hapo nimeishi katika kibanda changu karibu na lango la boma letu, kwenye mteremko unaoshuka kutoka Katito kuelekea ziwani. Wenzangu husema hata ng'ombe wetu wametembea kuliko mimi, kwa sababu wao angalau hufika sokoni. Sibishi. Ng'ombe akifika sokoni harudi, mimi bado nipo.

Kaunsela wa kwanza nyumbani alikuwa Baba. Yeye alichaguliwa kwa kura, kwa nyimbo, kwa vumbi na matusi, na alipenda kila sehemu yake, hasa matusi. Katikati ya miaka ya themanini alirudi kutoka mkutano wa halmashauri akiwa na homa, akalala, na wiki haikuisha akawa ametuacha.

Tulipomzika, watu hawakutawanyika. Kata yetu ina pande mbili, upande wa juu karibu na barabara na upande wa chini karibu na maji, na kila upande ulitaka kiti. Walianza kugombana pale pale kwenye boma la msiba, wengine wakiwa bado na tonge la ugali mkononi. Ndipo baba mkubwa akagonga fimbo chini. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa Baba, na ukoo mzima ulimwachia neno la mwisho, labda kwa sababu hata usipomwachia angelichukua.

"Mnagombana na udongo haujakauka?" akasema. "Kiti kikae kwa mwenye nyumba. Nyar Kano apite bila kupingwa. Hiyo iwe rambirambi yetu kwake."

Nyar Kano ni Mama, yaani binti wa Kano. Huku kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa kule alikotoka, hata akikaa kwa mumewe hadi meno yaishe. Wakamwita kutoka nyuma ya nyumba. Alikuja akiwa amevaa koti la Baba, kama desturi inavyotaka mjane avae, mikono ya koti ikimfunika vidole. Wakamwambia. Akawatazama wote, akasema, "Asanteni." Angesema nini? Rambirambi hairudishwi. Siku ya kupokea majina likapelekwa jina moja tu, lake, na mambo yakaisha hivyo.

Sasa kuna jambo lazima nilieleze. Kwa desturi yetu, mjane hubaki mke wa kaburi mpaka ndugu wa marehemu amrithi. Kabla ya hapo haingii katika boma la mtu mwingine. Akiingia, inasemekana analeta chira, ile laana inayokondesha watoto na kukausha maziwa ya ng'ombe. Mama alikuwa mtu wa kanisa, katika wale waliookoka kabisa, wasiobakiza hata kidole nje. Wazee walipomletea mrithi, binamu mmoja wa Baba, mtu mpole aliyependa sana nyama, Mama alimwandalia chai.

"Shemeji," akamwambia, "mimi niliolewa mara moja, nikatosheka. Kunywa chai yako."

Akanywa, akaomba ya pili, akaenda zake. Na Mama akabaki mke wa kaburi.

Kwa hiyo tukawa na kaunsela asiyeweza kuingia kwa watu wake. Alifanya kazi akiwa amesimama nje ya ua wa minyaa, akiita, "Wenyewe mpo?" Na wenyewe wangetoka mbio, kwa adabu kubwa, kabla mkono wake haujagusa lango. Walimletea kiti nje. Walimletea uji nje. Mvua ikinyesha walimletea mwavuli, nje. Walizungumza naye habari za daraja lililobomoka na karo ya shule, wakacheka naye, wakamsindikiza hadi njiani. Alikuwa mgeni aliyesindikizwa bila kukaribishwa.

Mama hakulalamika. Kitu alichokishikilia kwanza kilikuwa paa la wauza samaki. Pale sokoni Katito wanawake walikaa juani kutwa, omena wakikauka mara ya pili na wao wakikauka mara ya kwanza. Mama alisema habari hiyo katika kila mkutano wa halmashauri, hadi waheshimiwa wengine wakawa wakimwona tu wanasema, "Mama Mabati amefika." Hatimaye kikapatikana kiwanja. Ndipo baba mkubwa akaja nyumbani, akavuta kigoda, akakaa mlangoni pa jikoni.

"Nyar Kano, kile kiwanja cha samaki achana nacho. Mkwe wetu anataka kujenga hoteli pale."

"Shemeji, wale wanawake wanaungua."

"Wameungua tangu zamani. Wamezoea."

"Lakini mimi niko kule kwa ajili ya watu."

"Watu gani?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza vile mtu angeuliza ng'ombe yuko wapi. "Nani alikuchagua? Nitajie mmoja. Sisi ndio tulikuweka, Nyar Kano. Kiti ni chetu. Wewe umekikalia tu, kama mtu anavyomshikia mwenzake nafasi kanisani."

Mama alikuwa mwepesi wa kujibu, mimi ni shahidi na majeruhi. Lakini siku ile aliendelea tu kupepeta mtama. Hoteli ikajengwa. Wali wake ulikuwa na mawe.

Jioni ile aliniambia, "Ana haki. Hakuna mtu naweza kutaja."

"Mama, yule mzee asikusumbue."

"Hanisumbui yeye. Linanisumbua swali lake." Akasukuma kuni ndani ya meko. "Nataka nichaguliwe. Hata kama ni kushindwa, sawa. Nataka kuona mtu ametoka kwake kwa miguu yake mwenyewe, akaja upande wangu. Mmoja, wawili. Niwajue."

Nilikula ugali wangu. Lakini tangu siku ile nilijua Mama alitaka nini, na hakutaka kingine.

Halafu ukafika mwaka wa mlolongo. Waliokuwa hawajazaliwa niwaeleze: ule mwaka wa themanini na nane, katika uteuzi wa chama, nacho kilikuwa kimoja tu, hapakuwa na masanduku. Wapiga kura walijipanga uwanjani, mchana kweupe, nyuma ya yule wanayemtaka, na ofisa akapita akihesabu vichwa. Watu wengi waliuchukia mpango huo. Utapangaje mstari dhidi ya chifu wako, mkwe wako, au mtu anayekukopesha mbegu, naye anakutazama? Katika watu wote niliowajua, ni Mama peke yake aliyeufurahia. Angewaona. Wangekuwa nyuma yake, na sura zao.

Na zaidi ya hapo, mpinzani akajitokeza! Alikuwa mtu wa upande wa chini, aliyekaa miaka mingi Muhoroni akibeba miwa kwa trekta, akarudi na trekta na kitambi, vyote viwili vya kuheshimika. Akatangaza kwamba anakitaka kiti. Nilimkuta Mama jikoni akiimba.

"Amejitokeza mtu," akaniambia, kama msichana aliyeletewa habari za mchumba. "Tena ana trekta!"

Akafua gauni lake la bluu, akalikunja, akaliweka chini ya godoro lijinyooshe. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwanangu, mimi siwezi kuingia kwa watu. Wewe utaingia. Uwaulize kama watasimama nyuma yangu."

"Mama, goti langu linauma."

"Goti gani? Hilo goti halijawahi kufanya kazi, litaumia na nini?"

Hivyo ndivyo nilivyoanza siasa. Nilikwenda boma kwa boma, na kila nilikofika niliwafurahisha watu kabla sijasema neno. "Yawa!" wanawake walinipokea. "Leo jua limetoka magharibi! Huyu naye ametoka kwao!" Mmoja alimwita mumewe aje anione kabla sijatoweka. Nilipewa uji, nikapewa njugu, nikapewa kuku wa kubeba. Na nilipouliza swali langu, wote walinijibu kwa upole uleule: "Mwambie Nyar Kano asihangaike."

Nilirudi na jibu hilo kama mtu aliyebeba ushindi.

"Wamesema watasimama?" Mama akauliza.

"Wamesema usihangaike."

"Hilo si jibu la swali nililokutuma."

"Mama, watu wakikwambia usihangaike si wanakupenda?"

"Wewe kweli ni mtu wa nyumbani," akasema.

Siku moja kabla ya kupeleka majina, trekta ikanguruma njiani, ikazima nje ya lango letu. Yule bwana wa Muhoroni akashuka, na baba mkubwa akashushwa, maana trekta si punda. Walikaa kwenye kivuli cha kibanda changu. Baba mkubwa alikuwa amebeba jogoo. Nilipoona jogoo nikajua mambo si mazuri, kwa sababu mzee yule hakuwahi kuja kwetu na kitu chenye mabawa isipokuwa siku za msiba. Mama akatoka akifuta mikono kwa leso yake.

"Mama," yule bwana akasema, kofia mkononi, "nimekuja kukwambia sitasimama."

"Unaumwa?"

"Hapana, Mama. Ni heshima tu."

"Nani amekuomba heshima?"

Baba mkubwa akakohoa. "Nyar Kano, kijana amefanya vizuri. Tumekaa, tukazungumza na watu."

"Mmekaa wapi? Mimi nilikuwa wapi?"

Yule bwana akazungusha kofia yake mkononi kama usukani. "Mama, watu wanakupenda. Usifikiri vingine. Lakini huu mlolongo ni kusimama mmoja nyuma ya mwingine, karibu karibu, umeelewa? Na wewe bado uko vile uko. Watu wanaogopa mgongo wako. Yule wa kwanza kwa mstari, nani atakubali kuwa yeye? Ungebaki peke yako uwanjani, mbele ya dunia. Au wangesimama, halafu kesho mtoto wa mtu anaharisha, wanasema ni wewe. Sasa tukaona, ya nini yote hayo?"

"Tumekuokoa aibu," baba mkubwa akasema. Na macho yake, Mungu ananiona, yalikuwa yamelowa. Aliamini kabisa kwamba amemtendea wema shemeji yake. Alikuwa ametembea maboma yale yale niliyotembea mimi, kabla yangu, akipanga. Ndiyo maana wote walinipa jibu moja. Waliona haya kuniambia kwamba jambo limekwisha, wakanipa kuku.

Mama hakumtazama mzee. Alimtazama yule bwana.

"Wewe kiti hukitaki?"

"Nakitaka sana, Mama."

"Basi simama. Simama unishinde, mwanangu."

"Nikikushinda watasema nimemshinda marehemu. Ukinishinda watasema nimeshindwa na kaburi. Mimi nina biashara, Mama."

Mama akaketi chini pale pale, miguu ameinyoosha mbele, vile wanawake wanavyoketi penye msiba. "Mmeninyima hata kushindwa," akasema. Jogoo akawika, maana jogoo hana adabu, na hakuna aliyecheka.

Siku ya mlolongo tulikwenda, kwa kuwa kiti cha ubunge kilikuwa na wagombea. Uwanja wa shule ya msingi ulijaa. Mistari ilijikunja kama mikia, watu wakitaniana. "Omera, ndugu mrefu, inama, utahesabiwa mara mbili!" Mama alikuwa amevaa gauni lake la bluu, lenye mkunjo wa godoro mgongoni. Mambo ya mbunge yalipokwisha, ofisa akashika kipaza sauti, akasema kwamba kwa kiti cha udiwani mgombea ni mmoja, naye amepita bila kupingwa. Watu wakapiga makofi. Makofi mazuri, yale ya kanisani mtoto akisoma bila kukwama. Kisha wakaanza kuokota viatu vyao na watoto wao waende.

Mama akatoka pembeni yangu. Akaenda upande wa pili wa uwanja, penye nyasi ambazo hakuna aliyezikanyaga siku ile, akasimama, mgongo wake ukiwaelekea watu. Akatulia hivyo, mikono pembeni. Watu wakanyamaza kidogo kidogo. Walidhani anaomba. Baadhi ya wanaume wakavua kofia.

Mimi nilijua haombi. Alikuwa anangoja.

Nilivuka uwanja ule. Nimekwisha kusema kwamba mimi si msafiri. Migosi ilikuwa karibu zaidi. Nilisikia watoto wakichekelea suruali yangu, nikafika, nikasimama nyuma yake, karibu, kama mlolongo unavyotaka.

Hakugeuka. "Ni nani?" akauliza, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukisikia, kama mtu anayebishiwa hodi baada ya miaka.

"Ni mimi, Mama."

Mabega yake yakashuka.

"Rudi," akasema. "Wewe nilikuzaa. Wewe si kura."

Sikurudi.

"Basi simama. Lakini usijihesabu."

Nikasimama bila kujihesabu. Tulikaa hivyo mpaka vumbi la watu likatulia njiani, kisha akafunga leso kiunoni, tukaenda nyumbani.

Baada ya hapo Mama alianza kuingia kwa watu. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alifika langoni, akaita, na kabla kiti hakijaletwa nje alikuwa ameshapita, amekaa ndani, anauliza hali ya watoto. Wengine walimkaribisha, hasa bibi wazee waliokuwa wamezika waume wao na kujua utamu wa kualikwa. Wengine walipata ghafla kazi shambani. Katika boma moja mtoto alishikwa na malaria juma lile lile, na jina la Mama likatembea kata nzima kuliko alivyowahi kutembea mwenyewe. Mtoto akapona kwa dawa ya hospitali. Uvumi haukupona. Mama alirudi katika boma lile mtoto alipopata nafuu, akampelekea maziwa. Mwenye nyumba aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru sana. Tulipofika kwenye kona tukasikia yakimwagwa.

Mwaka wa tisini na mbili mambo yakageuka. Masanduku yakarudi, vyama vikawa vingi, na upande wetu wote wa ziwa ukahamia upinzani kama maji yanavyohamia bondeni. Tiketi ya chama cha zamani huku kwetu ikawa kama shati la marehemu, hata likiwa jipya hakuna anayelitaka. Yule bwana wa trekta akachukua tiketi ya upinzani, na safari hii hakuona haya kusimama, kwa sababu sasa alikuwa anapambana na chama, si na kaburi. Mama akaenda akachukua ile tiketi nyingine. Hakuna aliyemgombania.

Baba mkubwa alikuja akitweta. "Nyar Kano, una akili? Hicho chama huku hakipati hata kura ya mbwa!"

"Mbwa sijamwomba, shemeji."

"Utashindwa vibaya."

"Lakini kutakuwa na mtu wa kunishinda?"

"Yupo! Si unamjua?"

"Basi," Mama akasema. "Kaa, unywe chai."

Akafanya kampeni yake kwa miguu yake, ndani ya nyumba za watu, akieleza habari za paa la samaki ambalo bado halikuwepo. Walimsikiliza wakiwa wameinamisha macho. Alipokutana na yule bwana sokoni alimshika mkono mbele ya watu, akamwambia, "Asante kwa kusimama." Yule bwana alidhani anakejeliwa.

Kura zilihesabiwa shuleni. Za yule bwana zilikuwa mlima. Za Mama zingeweza kukaa kwenye mabenchi mawili ya kanisa bila kubanana. Niliporudi kumweleza nilikuta amekaa kitandani, gauni la bluu bado mwilini.

"Nimeshindwa?"

"Vibaya, Mama."

"Wamenipigia wangapi?"

Nikamwambia.

"Toa yako."

"Nimetoa."

"Toa na yangu."

"Nimetoa, Mama."

"Na bado wapo?"

"Wapo."

Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Nilidhani analia, na alikuwa analia. "Wametoka kwao," akasema. "Wameniona na hicho chama changu kibovu, na kaburi langu, na wakaja. Ni nani hao?"

Hapo ndipo taabu yake nyingine ilipoanza, na hiyo haikuwa na mwisho. Sanduku si mlolongo. Mlolongo ungempa sura lakini hakuna aliyethubutu. Sanduku lilimpa watu lakini likaficha sura. Tulipokwenda sokoni alinigusa kiwiko. "Yule wa omena, unaonaje?"

"Labda."

"Alinipa salamu kwa nguvu."

"Yule humpa kila mtu salamu kwa nguvu, Mama. Anauza."

Kwa kuwa hakuwajua, aliwaheshimu wote. Mtu aliyemwaga maziwa yake, alimwamkia kama ndugu, huenda ndiye. Aliyemtukana hadharani alimsamehe kwa haraka isiyo ya kawaida, huenda anajificha. Mimi nilicheka, nikamwambia kwamba kura chache zile zimemfanya mtumwa wa kata nzima. Hakukasirika. "Wewe hujawahi kuchaguliwa," akasema, "huwezi kuelewa." Ni kweli, na hata mke wangu husema alinichukua kwa kuwa nilikuwa karibu.

Akaugua. Tulimpeleka hospitali Kisumu, wakampima, wakamrudisha nyumbani kwa maneno mazuri na dawa za maumivu. Watu walikuja kumwona, wakiingia hadi chumbani, wakikaa kwenye ukingo wa kitanda, na kila mmoja alimchungulia usoni. Walipotoka aliniuliza, kwa sauti iliyobaki, "Unaonaje huyo?"

"Huyo alikwepa macho yako, Mama."

"Basi ndiye."

Baba mkubwa naye alikuja, mzee sasa, fimbo ikimtembeza badala ya yeye kuitembeza. Alikaa naye muda mrefu. Kisha Mama akamuuliza, "Shemeji, ulikuwa wewe?"

"Mimi nini?"

Mama akacheka mpaka kikohozi kikamzidi. "Basi," akasema. "Basi." Mzee alipotoka, akafumba macho, nikadhani amesinzia. "Si yeye," akasema. Baadaye kidogo, "Lakini kama angekuwa yeye, angesema?"

Alituacha wakati wa mvua ndefu, barabara ya kwetu ikiwa matope matupu, na hata hivyo watu walikuja, kata nzima, pande zote mbili. Walikuja mapema, wakaleta kuni, wakaleta unga, wakasimamisha maturubai. Wauza samaki walikuja na kupika. Baba mkubwa ndiye aliyesimama kumwelezea marehemu. Alisema vizuri, nisimkosee. Alisema habari za daraja, na za uvumilivu wake, na za koti la mumewe. Kisha akainua fimbo.

"Mnajua alivyopendwa Nyar Kano," akasema. "Katika maisha yake yote ya uongozi, huyu mama alipita bila kupingwa. Hakuna mtu aliyewahi kusimama dhidi yake. Hakuna!"

Watu wakaitikia. Yule bwana wa trekta, kaunsela wetu, alikuwa mstari wa mbele, naye akaitikia kwa kichwa, kwa huzuni, kama mtu ambaye kweli hakuwahi. Nilitazama kushoto na kulia. Kata nzima ilikuwa imekubaliana, bila kikao chochote, kumfutia aibu yake. Walikuwa wanamzika na heshima, na ile siku yake moja waliifukia kwanza.

Mimi sisimami mbele za watu. Nikasimama.

"Alipingwa," nikasema. "Mwaka wa tisini na mbili. Alipingwa, akashindwa."

Wakainamisha vichwa. Wanawake wakaanza kulia upya, wakisema uchungu umemzidi mtoto. Bibi mmoja aliyekaa nyuma yangu akanivuta shati, kwa upole.

"Keti, nyathina, mwanangu," akaninong'oneza. "Usimwaibishe mama yako."

Sikuketi mara moja. Najua walikuwepo pale, wale wa mabenchi mawili, kwa kuwa hakuna mtu wa kata aliyekosa. Walikuwa wamekaa kati ya wengine, mvua ikigonga turubai juu yao. Niliwangoja. Sikutaka mtu aseme neno, hapana, ningetosheka na mmoja akikohoa. Baba mkubwa alikuwa amenyamaza, fimbo bado juu, akiningoja nimalize ili aendelee.

Hakuna aliyekohoa. Nikaketi.